Chupa kubwa ya sake: kipimo cha ukoo mezani pa mtu mmoja

Anayeingia duka la pombe nchini Japani kwa mara ya kwanza huikodolea macho chupa moja kuliko zote. Ni ya kioo cha kahawia au kijani, shingo yake ndefu, kimo chake karibu sentimita 40, na ndani yake mna lita 1.8 za sake, ile pombe inayotengenezwa kwa mchele, maji, hamira na ukungu maalum uitwao koji. Ikijaa ina uzito wa zaidi ya kilo mbili na nusu. Huwezi kuimimina kwa mkono mmoja kama soda. Mkono mmoja hushika shingo na wa pili hushika kitako.

Huenda ukajiuliza, mpenzi msomaji, chupa hii inatafuta nini katika ukurasa wa afya. Inatafuta mengi. Kiasi cha pombe anachokunywa mtu hakitokani na kiu yake pekee. Hutokana pia na chombo kilichoko mezani, na watu walioketi naye, na ni nani anayeishika chupa. Wajapani wameyabadilisha mambo hayo yote matatu katika muda wa miaka 60 hivi, na ini la mnywaji limekuwa shahidi.

Tuanze na kipimo. Chupa hiyo huitwa isshobin, maana yake chupa ya sho moja. Sho ni kipimo cha zamani cha nafaka na vinywaji, kama vile pishi na kibaba zilivyokuwa kwa wazee wa pwani yetu. Sho moja hugawanywa mara 10, na kila fungu huitwa go. Go moja ni mililita 180. Serikali ya Japani iliviondoa vipimo hivyo vya jadi katika biashara mwaka wa 1959 na kushikilia lita na kilo, lakini chupa haikubadilika umbo wala ujazo. Iliandikwa tu lita 1.8 na kuendelea na safari yake. Hata kikombe cha kupimia mchele kinachouzwa pamoja na sufuria za umeme za Kijapani hadi leo ni cha mililita 180. Ishike hiyo go moja akilini, maana ndiyo tutakayoitumia katika hesabu zote zinazofuata.

Zamani sake iliwekwa katika mapipa ya mbao. Mnunuzi alikwenda dukani na mtungi wake wa udongo, au akakopeshwa mmoja wenye jina la duka, akapimiwa na kurudi nyumbani. Mwenye duka alikuwa na nafasi nzuri ya kuongeza maji kabla ya kupima, na wengi waliitumia nafasi hiyo. Kampuni ya Hakutsuru, iliyoko eneo la Nada karibu na mji wa Kobe, ilianza kuuza sake katika chupa ya sho moja mwaka wa 1901. Chupa za kwanza zilipulizwa kwa pumzi za mafundi na bei yake haikuwa ya kila mtu. Mashine za kuzitengeneza zilipoenea miaka ya 1920 ndipo chupa ikaanza kulishinda pipa. Ilipendwa kwa sababu ilikuwa kipimo cha haki. Imefungwa kiwandani, na ulichokilipia ndicho ulichokunywa.

Ikishanywewa haikutupwa. Mwenye duka alipoleta chupa iliyojaa alichukua tupu, zikapangwa sita sita katika kreti, zikaoshwa na kujazwa tena. Kwa kuwa umbo lilikuwa moja nchi nzima, chupa iliyotoka kiwanda hiki iliweza kujazwa na kiwanda kingine, na mchuzi wa soya na siki viliuzwa katika chupa hiyo hiyo. Nyumba ya Kijapani ya miaka ya 1950 bila isshobin jikoni ilikuwa adimu, hata ya mtu asiyegusa pombe.

Kuna kisa kimoja cha chupa hii ambacho hakina ulevi wowote ndani yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mchele uligawanywa kwa mgawo, na mara nyingi haukuwa umekobolewa. Watu waliutia ndani ya isshobin, wakachukua kijiti na kuutwanga humo ndani mpaka wishwa ikatoka. Kazi hiyo walipewa watoto, na wazee wengi wa Japani waliikumbuka maisha yao yote. Wataalamu wa lishe wangesikitika kuiona, kwa sababu wishwa hiyo iliyokuwa ikitupwa ndiyo yenye vitamini B1. Nchi hiyo ilikuwa imeteswa kwa miaka mingi na beriberi, ugonjwa unaotokana na upungufu wa vitamini hiyo kwa watu wanaokula wali mweupe na kitoweo kidogo. Miguu hufa ganzi, mwili huvimba, na moyo hushindwa kufanya kazi. Tutairudia vitamini hii baadaye, kwa sababu mlevi pia hukosana nayo.

Chupa yenyewe ilikuwa ya watu wengi. Ilipelekwa hekaluni kama sadaka, aghalabu mbili zikiwa zimefungwa pamoja kwa kamba. Ilipelekwa nyumba ilipoezekwa, mashua iliporudi imejaa samaki, kijiji kilipofanya sherehe ya mavuno, na kwa wafiwa pia. Hakuna aliyetarajia mwenye nyumba aimalize peke yake. Go 10 kwa watu 10 ni go moja kila mmoja, na jioni imekwisha.

Mezani kulikuwa na adabu yake. Haifai ujimiminie mwenyewe. Wewe humimina katika kikombe cha jirani yako naye akamimina katika chako, mdogo akimtangulia mkubwa, na kikombe cha mgeni hakiachwi kikauke. Adabu hii ina mazuri yake: anayekunywa yuko mbele ya macho ya watu, na mwenye chupa anaweza kuichelewesha akiona mwenzake ameanza kulegea. Lakini ina mtego ambao madaktari huutaja mara kwa mara. Vikombe vyenyewe ni vidogo, na kila mara hujazwa kabla havijaisha. Mtu wa namna hiyo hawezi kujua amekunywa kiasi gani. Mfanyakazi kijana akiketi na mkubwa wake wa kazi, kukataa huonekana utovu wa heshima, na kunywa huwa sehemu ya kazi isiyo na mshahara.

Sasa twende kwenye hesabu. Sake ya kawaida ina kileo cha asilimia 15 au 16, mara tatu ya bia. Go moja ya asilimia 15 ina takriban gramu 22 za kileo halisi. Chupa nzima ina gramu 216. Wizara ya afya ya Japani, katika mpango wake wa afya ulioanza mwaka wa 2000, ilitaja gramu 20 hivi kwa siku kuwa unywaji wa kadiri. Mwaka wa 2024 ilitoa mwongozo unaosema kwamba hatari ya magonjwa ya muda mrefu huongezeka kwa mwanamume anayekunywa gramu 40 au zaidi kwa siku, na kwa mwanamke gramu 20 au zaidi. Kwa lugha ya sake, hizo ni takriban go mbili kwa baba na go moja kwa mama. Nalo Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka wa 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho kinaweza kusemwa kuwa hakina madhara kabisa. Kauli hizi mbili hazipingani kama watu wanavyodhani: ya kwanza inaonyesha mahali ambapo mlima unakuwa mkali, ya pili inakumbusha kwamba mlima unaanzia chini kabisa.

Ini halina haraka. Kwa wastani huchukua saa nne hadi tano kumaliza kazi ya go moja. Mtu aliyekunywa go tatu na kulala saa tano za usiku bado ana pombe mwilini asubuhi anapowasha gari, hata kama amelala fofofo na anajiona mzima. Japani ilijifunza jambo hili kwa machozi. Mwezi wa Agosti 2006, huko Fukuoka, gari lililoendeshwa na mtu aliyelewa liligonga gari la familia kutoka nyuma, likaanguka baharini na watoto watatu wakafa. Mwaka uliofuata sheria ilikazwa, na si dereva peke yake anayeadhibiwa sasa. Aliyempa pombe akijua kwamba ataendesha gari, na abiria aliyepanda akijua dereva amelewa, nao hushtakiwa. Vijijini, ambako wageni huja kwa magari, mwenye nyumba aliyezoea kuizungusha chupa kubwa akaanza kuuliza kwanza: nani anaendesha?

Wajapani wengi wana jambo jingine katika damu yao. Pombe ikifika kwenye ini hugeuzwa kwanza kuwa sumu iitwayo asetaldehaidi, kisha kimeng'enya kingine huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisicho na madhara. Takriban Wajapani 4 kati ya 10 wamerithi jeni ambayo hukidhoofisha kimeng'enya hicho cha pili, na wachache miongoni mwao hawanacho kabisa. Kikombe kimoja tu, uso unakuwa mwekundu, moyo unakwenda mbio, kichwa kinauma. Wachina na Wakorea wengi wana hali hiyo hiyo. Kwa miaka mingi vijana wenye uso wa kuwaka waliambiwa wakaze moyo, kwamba watazoea. Na kweli wengine huzoea, uso ukapunguza wekundu. Lakini sumu haikupungua. Watafiti wameonyesha kwamba watu hao, wakinywa mara kwa mara, hupata saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, kwa kiwango kikubwa kuliko wanywaji wengine. Wekundu wa uso ni kengele ya mwili, na ukiizoea kengele nyumba inaendelea kuungua.

Mabadiliko yenyewe yalianza na kikombe. Tarehe 10 Oktoba 1964, siku Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa Tokyo, kampuni ya Ozeki ilitoa sake ya mililita 180 katika bilauri ya kioo yenye kifuniko. Go moja kamili, unafungua na kunywa humo humo, hapana haja ya mtungi wala vikombe wala mtu wa kukumiminia. Iliuzwa kwenye vituo vya gari la moshi na baadaye katika mashine za barabarani. Mtu aliyetoka kazini aliweza kuinywa akiwa amesimama, peke yake, na akaongeza ya pili bila jirani kujua.

Yalifuata mengine. Baada ya majokofu kuenea, watu walitaka chupa inayoingia kwenye mlango wa jokofu, na isshobin haiingii. Yalikuja makasha ya karatasi ya lita 1.8 na ya lita 2, mepesi, ya bei nafuu, ya kutupwa. Viwanda vilianza kutengeneza sake za hali ya juu, zenye harufu ya matunda, ambazo chupa ikishafunguliwa hazikai muda mrefu kabla ya ladha kuharibika; hizo zikauzwa kwa wingi katika chupa ya mililita 720, yaani go nne. Mwaka wa 2003 masharti ya kutoa leseni za kuuza pombe yalilegezwa, maduka makubwa yakauza kwa bei ambayo mwenye duka la mtaani hakuiweza, na yule aliyekuwa akileta chupa mlangoni na kuchukua tupu akafunga biashara. Kisha watu wa kuinywa wenyewe wakapungua nyumbani. Sensa ya 2020 ilionyesha kwamba asilimia 38 ya nyumba za Japani zilikuwa na mtu mmoja tu.

Sake iliyouzwa ilifikia kilele mwaka wa 1973, zaidi ya lita bilioni 1.7. Miaka ya karibuni imekuwa lita milioni 400 hivi. Bia, shochu na vinywaji vya makopo vimechukua nafasi. Kwa hivyo haifai kusema kwamba chupa kubwa ilipotoweka nyumbani ulevi nao ulitoweka. Unywaji wa jumla nchini umeshuka tangu miaka ya 1990, ndiyo, na vijana wengi hawaoni tena aibu kusema hawanywi. Mwaka wa 2022 idara ya ushuru ya serikali, ikihofia mapato, ilianzisha shindano la kuwataka vijana wenyewe watoe mawazo ya kuinua mauzo ya pombe. Wizara ya afya ya serikali hiyo hiyo ilikuwa ikihubiri kinyume.

Hapa ndipo mtu anapokosea kuhusu ukubwa wa chombo. Nchini Kenya sheria ya vileo ya mwaka wa 2010 ilipiga marufuku pombe ya vifuko vya plastiki, kwa sababu kitu kidogo cha bei ndogo kilikuwa kikiingia mifukoni mwa wanafunzi na wasio na pesa. Wajapani wao walikiona kipimo kidogo kama ustaarabu. Kila mmoja ana sababu yake. Kipimo kidogo humsaidia anayehesabu na kuishia hapo, kwa maana bilauri moja ni gramu 22, hakuna ubishi. Humdhuru asiyehesabu, maana hakuna mwenzake wa kumshikia chupa. Nayo chupa kubwa ikiwa mezani pa watu 10 ni karamu, lakini ikiwa chini ya meza ya mzee anayeishi peke yake ni hatari isiyoonekana. Haina alama za kupimia, anajimiminia kila jioni, na siku ikiisha haijulikani imedumu siku tano au mbili. Kasha la karatasi ni baya zaidi, kwa sababu hata kimo cha kilichobaki hakionekani.

Madaktari wa huko huwaambia wanywaji wa nyumbani wamimine kwanza kiasi cha jioni katika mtungi mdogo wa go moja, kisha chupa irudishwe kabatini kabla hawajaanza kunywa. Watengenezaji wa sake wenyewe wameeneza desturi ya kunywa maji kando ya sake, kikombe kwa kikombe. Kuna pia siku za kulipumzisha ini, angalau mbili kwa juma. Jambo moja ni la Kijapani hasa: baada ya kunywa mtu asiingie katika lile beseni lao la maji moto yanayofika shingoni. Mishipa hutanuka, shinikizo la damu hushuka, mtu huzirai na kuzama humo ndani. Mjamzito asinywe kabisa, na anayetumia dawa za usingizi vilevile.

Anayekunywa bila kula hukumbwa na ile vitamini B1 tuliyoitaja. Pombe huuzuia utumbo kuifyonza, na mlevi mara nyingi huacha chakula akashiba kileo. Upungufu ukizidi, macho hucheza, miguu huyumba hata asipokuwa amelewa, na akili huchanganyikiwa. Jamaa hudhani ni ulevi wa kawaida wakamwacha alale. Huyo ni wa kupelekwa hospitali upesi, kwa sababu vitamini ikichelewa kuingizwa mwilini kumbukumbu huenda isirudi.

Hospitali ya Kurihama, kusini mwa Tokyo, ilifungua mwaka wa 1963 wodi ya kwanza nchini iliyotengewa wagonjwa wa ulevi, mwaka mmoja kabla ya ile bilauri ya Olimpiki. Ilichukua nusu karne zaidi, hadi Desemba 2013, bunge kupitisha sheria ya kukabiliana na madhara ya pombe kwa afya.

Isshobin yenyewe haijafa. Imehamia mikahawani. Chupa ya lita 1.8 kwa kawaida huuzwa kwa bei ya mbili za mililita 720, kwa hivyo mwenye mkahawa hupata go mbili za bure, na kwa kuwa wateja ni wengi chupa huisha kabla ladha haijaharibika. Humiminwa na mhudumu, kwa kipimo, mbele ya mteja. Mwezi wa Desemba 2024 shirika la UNESCO liliuingiza ufundi wa kutengeneza pombe kwa ukungu wa koji katika orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia, na picha za chupa hiyo zikasambaa tena.

Na kipimo chake kinaishi mahali ambapo wengi hawakitarajii. Kila Mjapani mwenye umri wa miaka 40 hadi 74 hualikwa kupimwa afya kila mwaka, na katika karatasi ya maswali huulizwa anakunywa kiasi gani kwa siku. Jibu hutolewa kwa go za sake, hata kama hajaonja sake maishani. Bia ya nusu lita huhesabiwa go moja, wiski mililita 60 go moja. Zamani kisanduku cha mwisho kiliandikwa go tatu au zaidi. Karatasi ilipobadilishwa mwaka wa 2024 kisanduku hicho kiligawanywa, kikawekwa kingine cha wanaokunywa go tano na kuendelea kwa siku. Go tano ni nusu ya isshobin.